Nyama Iliyotushinda Jana



Miongoni mwa mambo yanayomfadhaisha mpishi, sidhani kama liko linalozidi hili: kawa limeinuliwa mbele ya wageni, harufu ya karafuu na thomu imekwisha kuwatangulia na kuwapa bishara njema, kila mmoja ametia tonge la kwanza kinywani, na mara mazungumzo yaliyokuwa yamechangamka yanakoma, si kwa utamu, bali kwa kuwa meno yote yamepata kazi. Bibi mwenye nyumba husema, "Karibuni jamani, mbona hamli? Ongezeni nyama." Mgeni mwenye adabu zake hujibu, "Ahsante mama, nimekula nimeshiba, alhamdulillahi," ilhali vipande vitatu vimelala salama chini ya wali alikovificha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; nyama ile hutembezwa toka sinia hata sinia, ikasifiwa na kila mtu isiguswe na mtu, na baada ya watu kunawa mikono hurejea jikoni karibu yote.

Nataka kuzungumza nanyi usiku huu juu ya hiyo iliyorejea jikoni. Sisemi ile iliyoguswa ikasazwa katika sahani za watu, kwani hiyo ina wenyewe, nao ni paka na kuku. Nasema ile iliyosalia sufuriani, nzima, safi, iliyogharimu fedha na kuni na nusu ya siku ya mtu, ambayo haina kosa ila hili moja, kwamba haipendezi kuliwa. Desturi ya nyumba nyingi ni kuipasha moto kesho yake kama ilivyo, ikaongezwa pilipili kwa kudhani kwamba ulimi ukiungua hautauliza mengine, kisha ikapakuliwa katika bakuli lile lile pamoja na wali ule ule. Na watu waliovumilia jana kwa heshima, leo hawavumilii. Rai yangu ni kwamba kitoweo kilichoshindwa kuwa bwana wa sinia hakifai kurejeshwa katika cheo kile kile siku ya pili, bali kibadilishwe kazi. Iliyokuwa vipande iwe punje, iliyokuwa juu ya wali iwe ndani ya kitu kingine, iliyoliwa adhuhuri iliwe alasiri pamoja na chai. Lakini kabla ya kuibadilisha kazi, sharti kwanza ijulikane ilishindwa kwa nini, maana aibu za nyama ni za namna nyingi, na dawa ya moja yaweza kuwa maangamizi ya nyingine.

Aibu iliyo kubwa kuliko zote ni ugumu, nao ni wa aina mbili zisizofanana hata kidogo, ijapokuwa jino huzihesabu kuwa moja. Mnyama hatumii viungo vyake vyote sawasawa. Shingo, kidari na muundi hufanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo nyama yake imejaa kano na utando mweupe; sarara, iliyolala kando ya uti wa mgongo, haina kazi kubwa, nayo ni laini tangu mbichi. Nyama inapofika joto la kiasi cha 60 kwa kipimo cha sentigredi, nyuzi za nyama huanza kujikunja, na maji yaliyomo hutoka kama yanavyotoka katika nguo inayokamuliwa. Joto likizidi, hukamuka zaidi. Kano nazo zina sheria yake: hazianzi kulegea barabara mpaka joto lifike kiasi cha 70 au lipite, tena hazitaki haraka, hutaka saa mbili, tatu, hata nne za moto wa taratibu, ndipo ziyeyuke na kuwa ute ule unaougandisha mchuzi ukipoa. Basi mtu aliyenunua muundi akaupika saa moja kwa moto mkali, amepata nyama ambayo nyuzi zake zimekwisha kukamuka na kano zake hazijayeyuka. Na aliyenunua mnofu mtupu wa paja, usio mafuta wala kano, akauchemsha tangu asubuhi hata adhuhuri, amepata nyuzi zilizokauka zisizo na ute wowote wa kuzilainisha. Wote wawili husema nyama ya leo ni ngumu, na wote wawili humlaumu ng'ombe. Na mara nyingi, kwa radhi za mabwana wanaonisikiliza, kosa halikuanza jikoni bali buchani, ambako bwana aliyetumwa nyama ya pilau alichukua kile kilichokuwa karibu na kisu cha muuzaji.

Kuzipambanua aina hizi mbili si kazi. Chukua kipande kilichopoa, ukivute kwa vidole. Kikivutika na kurudi, kikakataa kuachana, hicho hakijaiva, na dawa yake ni ile ile iliyokosekana jana, yaani wakati: kirudishwe motoni katika tui jepesi au maji ya kiasi cha kufunika nusu yake, sufuria ifunikwe barabara, moto upunguzwe mpaka mchuzi uwe unatikisika tu pasipo kutokota, kisha kiachwe muda wa saa mbili na zaidi, na tui zito litiwe mwishoni kabisa na kukorogwa lisikatike. Wako watakaosema, tia papai bichi. Papai bichi ni dawa ya nyama mbichi. Utomvu wake hufanya kazi kabla moto haujawa mkali, na likitupwa katika sufuria inayochemka nguvu yake huuawa na moto huo huo, ikabaki ladha ya papai ambayo hakuna aliyeitaka.

Lakini kipande kikichambuka upesi nyuzi kwa nyuzi, na kinywani ni kikavu, hicho kimeiva na kupita, wala msikichemshe tena hata kidogo kwa matumaini kwamba kitalainika, kwani maji yaliyokwisha kukamuliwa hayarudi kwa kuongezewa maji. Hapa ndipo penye maarifa, kwa sababu kinachotakiwa ni mambo mawili tu: kuzifupisha nyuzi zile hata jino lisizikute, na kuupa mwili wake rutuba kutoka nje, kwa samli, kwa tui, kwa yai au kwa mbatata. Ndiyo maana katika vyakula vyote vya kuokolea nyama kavu, mimi hutanguliza katlesi.

Nyama ichambuliwe kwa vidole ingali vuguvugu, kano na mafuta magumu yatolewe, kisha ilazwe juu ya ubao na kukatwa kwa kisu kikali kwa kukingama nyuzi, si kwa kuzifuata, mpaka iwe punje ndogo. Mashine ya kusagia kima haifai kwa kazi hii. Nyama iliyokwisha kupikwa ikipitishwa humo hutoka rojorojo isiyo na umbo, na mlaji hadiriki kujua kama anakula nyama au dengu. Mbatata zichemshwe na maganda yake zisije zikanywa maji, zimenywe zingali moto, zipondwe kavu bila maziwa, zitiwe chumvi na pilipili manga. Kwa robo kilo ya nyama, nusu kilo ya mbatata yatosha. Kitunguu kikatwe kidogo kidogo na kukaangwa katika samli hata kibadilike rangi, zifuate thomu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili mbichi, bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, ndipo nyama iingie na kugeuzwa dakika chache tu, kwani haina haja ya kupikwa bali kupakwa. Na baada ya kuepuliwa, ndimu na kotmiri nyingi. Sasa chukua donge la mbatata, lipanue katika kiganja, tia kijiko cha nyama katikati, lifumbe, ulibonyeze liwe bapa la mviringo wenye ncha mbili. Lichovye katika yai lililopigwa, ulitie katika mafuta yaliyopata moto. Yai litashika na kutanda nyuzi nyuzi za rangi ya dhahabu, na yule aliyeitafuna nyama ile jana kwa dhiki, leo atauma mara moja, akute ngozi ya yai, kisha ulaini wa mbatata, kisha nyama yenye ukali wa ndimu, na ukavu ulioiaibisha nyama jana hautambuliki tena, kwa sababu mbatata imeuchukua.

Sambusa ni jamaa ya karibu, lakini ina adabu zake. Humo ukavu, uliokuwa aibu, hugeuka sifa, kwa sababu manda haipendi maji: nyama yenye mchuzi huilainisha, ikapasuka mafutani, na mafuta yakaingia. Kwa hiyo nyama kavu iliyochambuliwa na kukatwa yafaa kuliko kima kibichi cha mtu asiyejua kukikausha. Iungwe kwa pilipili manga, thomu na bizari, iachwe ipoe kabisa, ndipo vitunguu vibichi vilivyokatwa kidogo na kotmiri zichanganywe, visije vikaiva kabla ya wakati na kutoa maji yao. Kingo zigandishwe kwa uji mzito wa unga wa ngano. Hila hii ya kuifunga nyama ndani ya unga ni kongwe. Ibn Battuta, msafiri yule wa Tanja aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, alipofika baadaye katika baraza ya Sultani wa Delhi aliwasimulia wasomaji wake habari za chakula hiki hiki: nyama iliyokatwakatwa ikapikwa na lozi, jozi, fistiki, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Sidai kwamba jikoni kwa Sultani nyama ile ilikuwa kiporo. Nasema tu kwamba aliyebuni kuificha nyama ndani ya karatasi ya unga aliijua tabia ya nyama.

Mwenye nyama nyingi na subira nyingi, na hasa aliyebakiwa na sufuria nzima baada ya shughuli, na aiendee bokoboko. Ngano iliyokobolewa hurowekwa usiku kucha, hupikwa kwa maji mengi na kijiti cha mdalasini mpaka ipasuke, nyama iliyochambuliwa ikatiwa, kisha kazi ni ya mkono na mwiko: hupigwa na kupigwa, kwa moto mdogo, hata nyuzi za nyama zipotee ndani ya ngano na vyote viwili vivutike pamoja. Ikipakuliwa husawazishwa kwa mgongo wa kijiko, hufanyiwa shimo katikati, hutiwa samli. Chakula hiki ni maarufu Unguja, Pemba na Mombasa, na huko Oman na Ghuba, ambako huitwa harisi, hakikosi kuonekana katika Ramadhani na Idi. Mwaka 2023 UNESCO ilikiandika katika orodha ya turathi za wanadamu kwa ombi la Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Na karne nane kabla ya hapo, mwaka 1226, Muhammad bin Hassan wa Baghdad alikwisha kukieleza katika kitabu chake cha mapishi. Tahadhari yangu ni moja: bokoboko yataka nyama iliyochemshwa kwa viungo vichache. Nyama iliyojaa bizari ya manjano na tungule haifai humo, wala kuisuuza hakuisaidii. Hiyo irudi kwenye katlesi.

Sasa chumvi. Katika nyumba zetu imeenea itikadi kwamba kiazi kikitupwa katika mchuzi uliozidi chumvi hufyonza chumvi peke yake na kuuacha mchuzi ukiwa sawa. Kiazi hunywa mchuzi kama ulivyo, chumvi na maji pamoja, na kinachosalia katika sufuria kina ukali ule ule. Lakini kosa la itikadi hiyo ni katika maelezo tu, kwa kuwa ukiviacha viazi vyenyewe viliwe pamoja na mchuzi, tena viwe vingi na visivyotiwa chumvi, chumvi ile iliyokuwa ya watu wanne sasa imegawanyika kwa chakula cha watu wanane. Basi nyama iliyozidi chumvi msiihesabu kuwa nyama. Ihesabuni kuwa chumvi ya chakula cha kesho. Chemsheni muhogo bila chumvi, au mbaazi, au ndizi mbichi, tieni nyama hiyo iliyokatwa ndogo, tieni tui, kisha onjeni kabla mkono haujakwenda kwenye kopo la chumvi kwa mazoea. Wachaga wa Kilimanjaro wana mtori wao, wa ndizi na nyama zilizopikwa zikalainika na kupondwa, nao huipokea nyama ya namna hii kwa ukarimu mkubwa, na mtu hupata supu ya kunywa asubuhi akashinda na nguvu.

Nyama chapwa, yaani ile laini isiyo na ladha, ni tatizo dogo kuliko yote, na wala sitakaa nalo. Haikupata chumvi mapema, wala ukali, wala uchachu. Ikatwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na kutupwa katika urojo, ambamo embe mbichi na ndimu zitaifanyia kazi iliyomshinda mpishi, zikisaidiwa na pilipili, mbatata, bajia na chatine ya nazi. Ajuaye urojo wa Forodhani, Unguja, hahitaji maelezo, na asiyeujua hauelewi kwa maneno.

Kuhusu nyama iliyoungua nina machache, tena si ya kufurahisha. Ikishika chini, usikoroge, usikwangue, usiongeze maji kwa hofu. Epua, chota ya juu kwa upawa, uihamishe katika sufuria nyingine, uonje. Ikiwa harufu haijapanda, umeponea chupuchupu, ukwaju na tui zito vitamaliza kazi. Ikiwa moshi umekwisha kuingia ndani ya nyuzi, hakuna kiungo Zanzibar wala Bara Hindi kitakachoutoa, na kila utakachopika nacho kitanuka moshi huo; samehe, tupa, usipoteze na samli yako juu yake.

Nimesema nyama nzima na safi, na sharti niseme la mwisho juu ya usafi huo, maana yote niliyoyataja hayana maana kwa nyama iliyolala mezani chini ya kawa tangu adhuhuri hata alfajiri katika joto la pwani yetu. Shirika la Afya Duniani, katika nasaha zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, limeweka mpaka ulio wazi: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kihifadhiwe katika baridi isiyofika 5 kwa sentigredi, na kikipashwa kipate moto hata katikati yake upite 70. Watu hupenda kujibu kwamba kuchemsha huua kila kitu. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini baadhi ya sumu ambazo vijidudu hivyo vimekwisha kuziacha ndani ya chakula hazijali kuchemshwa, wala pua haizitambui. Na tui, ambalo ndilo roho ya mapishi yetu, huchacha upesi kuliko nyama yenyewe. Basi baada ya wageni kuondoka, kabla ya kuosha hata kikombe kimoja, nyama igawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina ipoe upesi, imwagiwe mchuzi wake hata ifunikwe, kwa sababu mafuta ya nyama iliyopikwa yakikutana na hewa huanza kupata ile harufu ya kiporo ambayo watoto huinusa tangu mlangoni, halafu iingie katika jokofu. Ipashwe moto mara moja tu, na kiasi kile kitakacholiwa.

Asiye na jokofu naye hakunyimwa. Katika saa mbili hizo hizo, akina mama wawili wenye visu viwili huweza kuichambua nyama yote, kuikata, kuiunga na kuikaanga katlesi, zikagawiwa jirani na jirani usiku ule ule zikiwa moto, na sahani zikarudi zimeoshwa, pengine na kitu ndani yake. Kwa mwenye jokofu, katlesi zilizofumbwa bila kuchovywa katika yai hulala vizuri hadi kesho yake, nazo hukaangwa alasiri, chai ya maziwa na hiliki ikiwa jikoni. Sambusa zilizofungwa hugandishwa kwa barafu zikangoja wageni wengine. Na aliyekusudia bokoboko kesho, basi ngano yake airoweke sasa hivi, kabla hajalala.